Masika ya Maziwa ya Mzee Naftaly

Ijumaa, 1 Machi 1996

Nimeanza daftari jipya kwa sababu lile la zamani limejaa malalamiko ya watu wengine, na mimi pia nina yangu. Kazi yangu ni kupiga taipu. Kila asubuhi naweka mashine kwenye baraza la duka la viatu hapa Kawangware 46, Nairobi, na mwenye shida huja kunisimulia. Mwenye nyumba amemfungia mlango, mwajiri hataki kumlipa, mke ametoroka na watoto. Mimi huigeuza shida hiyo kuwa barua yenye adabu. Nimepiga hati za kiapo nyingi kiasi kwamba kuna makarani wa korti wanaoujua mkono wangu. Najisifu, ndiyo. Daftari ni langu.

Malalamiko yangu ni mume wangu, Baba Bridgit. Murunga ni mwashi, mtu wa kubeba jiwe la tisa kwa tisa na kulipandisha ukutani huku akipiga mluzi. Leo amerudi saa saba mchana, shati limelowa jasho na jua lenyewe hakuna. Anasema ni malaria. Hii ni malaria ya tatu tangu Krismasi, na dawa zote amemeza.

Jumapili, 3 Machi

Kanisa lilijaa. Tulipotoka, Ng'ang'a alikuwa ameshafika uani na baiskeli yake na mitungi ya maziwa. Maziwa ni ya Mzee Naftaly, mzee wetu wa kanisa anayekaa kule mtaa wa Olympic, Kibera. Ng'ombe wake sita wako kwenye ploti nyuma ya mtaa wetu wa Kabiro, na Ng'ang'a ndiye anayewakama. Kuna waumini wanaotembea kutoka Kibera mpaka huku Kabiro kusali nasi, na nusu yao nashuku wanafuata maziwa. Mzee husimama kando na koti lake la kijivu akiulizia watoto wa kila nyumba kwa majina. Mara nyingine hutukopesha mtungi mzima mzima tukaupeleka nyumbani. Maziwa yake hayana maji, hilo hata adui yake atakubali.

Nilichukua ya chai na ya kulala, yale ya kuacha yagande. Jirani yangu Filister Akeyo akanichokoza, "Mama Bridgit, hiyo ya kulala huchemshi kwanza?"

Nikamwambia maziwa ukiyachemsha kabla ya kuyalaza hayashikani, yanaachana na maji.

"Najua! Nilikuwa napima kama umekuwa tajiri wa Lavington."

Filister anauza maziwa lala na ugali kwenye kibanda chake, na yeye pia hachemshi. Kwetu hakuna anayechemsha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wateja wawili, na mmoja alikuja kujikinga tu.

Jumamosi, 9 Machi

Murunga ameangusha jiwe kutoka ghorofa ya kwanza. Halikumpata mtu. Msimamizi amemwambia akae nyumbani hadi apone, na sote tunajua maana ya maneno hayo kwenye mjengo. Anasema kiuno chake hakimtii tena. Nimemkanda kwa maji ya moto, naye hakupiga hata mluzi mmoja.

Jumanne, 12 Machi

Filister alikuja asubuhi kuniomba tumpeleke mwanawe Elvis zahanati. Mtoto anatoka jasho la kulowesha godoro na magoti yanamuuma. Nikamtazama Filister mwenyewe, nikaona naye anatembea akishika ukuta. Nikamwamsha Murunga, tukaenda wote wanne.

Kijana wa maabara alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza swali moja tu.

"Mnakunywa maziwa mabichi?"

Akatutoa damu. Tulingoja mpaka mchana. Murunga, Filister na Elvis wote wana brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe. Ni sindano kila siku kwa wiki mbili na vidonge kwa wiki sita, na kiuno cha Murunga huenda kikachukua mwaka kurudi, au kisirudi kama kilivyokuwa. Mimi sina. Maziwa lala hunipa kiungulia, sinywi.

Sinywi, lakini mimi ndiye niliyeyalaza. Kila jioni nimemwekea mume wangu bakuli mbele yake na kumwambia amalize apate nguvu. Leo nimelia chooni ili Bridgit asinione.

Alhamisi, 14 Machi

Nimezunguka nyumba za watu wa kanisa kuuliza nani ana homa isiyoisha. Hadi sasa ni nyumba saba. Nne za huku kwetu na tatu za Kibera, na zote zinakunywa kutoka mitungi ileile.

Kijana wa maabara aliniambia nitafute mtungi wenye mabaki ya maziwa yale yale tuliyokunywa, maana mapya hayathibitishi ya nyuma. Nilikuwa nao! Mtungi wa Mzee Naftaly ulilala kwangu tangu Jumapili na maziwa kidogo chini. Jumatatu nilimrudishia Ng'ang'a baada ya kuusugua kwa jivu, nikausuuza kwa maji yanayochemka mara mbili na kuuanika juani. Mama yangu alitufundisha kwamba chombo cha watu hakirudi kichafu. Filister naye alikuwa na wake, na akausugua vivyo hivyo. Nyumba saba, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa mchafu kidogo!

Jumamosi, 16 Machi

Nimemfuata Ng'ang'a hadi kwenye ploti ya ng'ombe na kumtukana mbele ya watu. Nimemwita muuaji. Alisubiri nimalize, akajifuta jasho kwa kofia. Naye anatoka jasho lile lile la Murunga.

"Mama, mimi ni mkono tu," akasema. "Nakama, nabeba. Enda uulize mzee ndama wako wapi."

"Ndama gani?"

"Uliza yeye."

Nilitazama ndani ya boma. Ng'ombe sita, na hakuna ndama hata mmoja. Nimerudi nyumbani nikiwa na aibu ya yale matusi na swali ambalo sijui nimuulize vipi mzee wa kanisa.

Jumatatu, 18 Machi

Ng'ang'a hayupo. Mzee Naftaly amempa likizo aende kwao, hakuna anayejua ni wapi. Sasa anayekama ni mtu mwingine, naye hajui lolote.

Jumatano, 20 Machi

Nimefunga kazi mchana nikaenda mjini kwa wakili Seline. Ni binti mdogo kwa umri, yuko kwenye ile ofisi inayosaidia watu bila malipo, na nimewahi kumpigia hati usiku na mchana alipokuwa na kesi ya wapangaji. Hanipambii maneno.

Akaniambia nina njia tatu. Ya kwanza ni ofisi ya afya. Wakaguzi wanaweza kumshtaki mwenye kuuza maziwa mabichi mjini, kwani sheria inakataza. "Lakini faini inaenda kwa serikali, haiendi kwa mgongo wa bwanako. Na mtu wa kwanza kushikwa atakuwa mwenye kibanda." Yaani Filister. Hiyo nimeifuta hapo hapo.

Ya pili ni chifu na wazee. Wanaweza kutuketisha, lakini hawawezi kumlazimisha mtu, na Mzee Naftaly ndiye anayefungua baraza kwa maombi.

Ya tatu ni kesi ya madai. Tutathibitisha kwamba maziwa ni yake, kwamba ndiyo yaliyoleta ugonjwa, na kwamba alijua au alipaswa kujua. Mambo mawili ya kwanza tuna nyumba saba za kuyasema. Hilo la kujua ndilo shida.

"Ng'ombe wakitupa mimba, daktari wa mifugo huitwa," Seline akasema. "Na daktari husema. Kama aliambiwa akaendelea kuuza, tumemshika. Lakini huyo daktari hataongea na mimi mpaka korti imwite, na korti haimwiti mtu kabla kesi haijafunguliwa. Nipatie mtu mmoja aliyesikia."

Nikamwambia nitampata. Nilisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu.

Jumapili, 24 Machi

Nyumba zote saba zilikutana kwetu baada ya ibada, watu wamekaa hadi kitandani. Niliwaeleza zile njia tatu. Mume wa Filister, Oloo, ni seremala, na hamwagi maneno. Aliuliza tu, "Wakili ni wa bure kweli?" Nikasema kweli. "Basi tuende." Wote wakainua mikono. Murunga aliinua wake hadi begani, haukupanda zaidi.

Niliwaangalia nikajisikia kama jenerali.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Sindano za wiki mbili zimeisha.

Jumapili, 31 Machi

Leo nimekasirika kiasi kwamba naandika nimesimama.

Katikati ya ibada, kabla ya sadaka, Mzee Naftaly alisimama na kusema ana jambo la kuungama. Pasta akamwita mbele. Kwetu mtu akiungama mbele ya kanisa, ni desturi kila mmoja apite ampe mkono, na mkono ukishatolewa jambo limekwisha. Na lile aliloliungama halivuki mlango wa kanisa. Hata mtu na mkewe hawalirudii nyumbani.

Nilipomwona akitoa leso kabla hajafungua mdomo, nikaelewa hesabu yake yote. Amesikia habari ya wakili. Anataka kutufunga mikono kwa wimbo wa msamaha! Nikainuka, nikamshika Bridgit, nikatoka nje kwenye mvua. Nilidhani nyumba saba zitanifuata. Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na Filister peke yake, na Elvis mgongoni.

Tulisimama chini ya bati la choo cha kanisa tukisikia wimbo. Uliendelea muda mrefu, kwa sababu watu ni wengi na kila mmoja lazima apite. Murunga alitoka wa mwisho mwisho, mkono mmoja kiunoni.

"Ulimpa mkono?" nikamuuliza.

"Nilimpa."

"Mkono huu ambao hauwezi kubeba tofali?"

"Huo huo."

Sikumpikia. Bridgit alimpikia.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemuuliza alichosema mzee. "Yaliyosemwa pale yamebaki pale, Mama Bridgit." Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa ukali, nimeuliza kupitia kwa Bridgit. Ni yale yale.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumba ya kwanza imejitoa. "Dada, tumeshamsamehe."

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Nyumba mbili zaidi zimejitoa, na zimeniletea habari hiyo zikiwa na nyuso za utakatifu.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Sikuenda kanisani. Maziwa bado yanauzwa uani, Filister ameyaona kwa macho yake. Sasa mzee anawaambia watu wachemshe. Anasema taratibu, kwa kicheko, na wanaenda kuyalaza vilevile.

Jumatano, 10 Aprili

Kati ya nyumba saba tumebaki mbili, yetu na ya Filister. Na ya Filister siwezi kuitanguliza, kwa sababu ya kibanda. Yule jenerali wangu hana jeshi. Nimemchukia mume wangu siku kumi sasa, na kumchukia mtu unayempaka dawa mgongoni ni kazi ngumu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimerudi kwa Seline. Hakushtuka. Akasema tutaomba kufungua kesi kama maskini, yaani bila kulipa ada ya korti. Hakimu huita mwombaji, humwapisha, humuuliza mali aliyo nayo na kama madai yake yana kichwa na miguu. Upande wa pili pia huitwa, na wana ruhusa ya kupinga. Akiridhika, kesi inapewa namba na hapo tunaweza kumwita daktari wa mifugo.

"Mimi ndiye nitakayesimama," nikasema.

"Hapana. Mgonjwa ni yeye. Na wewe una mashine na kazi, korti haiwezi kukuita maskini."

Sijui kwa nini hilo liliniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Nikamwambia mume wangu amempa mzee mkono na hawezi kushtaki mtu aliyemsamehe, kwa jinsi ninavyomjua.

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemjibia.

Jumanne, 16 Aprili

Nilimuuliza.

"Nitaenda," akasema.

"Na si ulimsamehe?"

"Nilimsamehe. Na nitaenda."

Akarudi kulala. Miaka kumi na minne nimeolewa na mtu huyu, na leo nimemtazama mgongo kwa muda mrefu nikijiuliza kama nilishawahi kumwachia nafasi ya kumaliza sentensi.

Jumatano, 24 Aprili

Ofisini kwa Seline, mimi na Murunga, kujaza hati. Seline akiuliza, mimi nikijibu. Alianza kazi mwaka gani, aliumwa lini, analala vipi. Mwishowe Seline akaweka kalamu chini.

"Mama Bridgit, nakuheshimu kama dada yangu mkubwa. Toka nje unywe chai."

Nimekunywa chai tatu. Walipotoka nilimuuliza Seline kama Murunga amemwambia maneno ya mzee. "Amekataa. Amesema anajua kitu lakini si chake kukitoa. Nami sitamlazimisha, nikimlazimisha nitapata shahidi aliyenuna." Akafunga faili. "Huo msamaha sisi hatutaugusa. Tuone kama wao wataugusa."

Tulirudi kwa miguu hadi Ngong Road kwa sababu kiti kinamuumiza kiuno. Alinishika mkono kuvuka tope. Sikuunyang'anya.

Alhamisi, 2 Mei

Sindano ziliisha zamani, vidonge viliisha wiki iliyopita, kiuno bado. Leo alipiga mluzi kidogo akinyoa ndevu. Nimejifanya sikusikia.

Jumamosi, 11 Mei

Mzee Naftaly amekuja kwetu. Ameacha viatu vyake vya matope mlangoni akaingia na soksi, mzee wa miaka sitini na kitu, akakaa kwenye stuli ndogo ya Bridgit. Alikuwa amepokea karatasi ya korti.

"Murunga, ndugu yangu. Ulinipa mkono mbele ya madhabahu."

"Nilikupa, mzee."

"Sasa hii ni nini?"

Kabla Murunga hajajibu, mimi nikalipuka. Nikamuuliza mzee ndama wako wapi. Nikamuuliza Ng'ang'a yuko wapi, na kama naye alipewa dawa au alipewa likizo tu. Alinitazama kwa huruma ile ya wazee wa kanisa, akasema, "Mama Bridgit, wewe hukuwapo. Ulitoka." Akaongeza kwamba kina mama wa kanisa wanaona vigumu kuwa na katibu asiyekaa ibadani hadi mwisho. Kwa hiyo nimepoteza ukatibu niliokuwa nao miaka tisa, nami nimeuaga kwa kumfungulia mlango.

Alipoinama kuvaa viatu alikosea mguu, akavua, akaanza upya. Hana usingizi mtu huyu. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Nakumbuka alivyotuletea blanketi Bridgit alipozaliwa. Lakini maziwa bado anauza, na blanketi haliwezi kuponya kiuno.

Jumatatu, 20 Mei

Kesho. Nimepiga pasi shati lake la harusi. Limekuwa kubwa.

Jumanne, 21 Mei

Tulifika kortini saa mbili asubuhi. Mimi, Murunga, Filister, Oloo. Nilipoingia nikaona benchi la nyuma limejaa watu wa kanisa, zile nyumba tano zilizojitoa zikiwa katikati. Sikujua wamekuja upande wa nani. Mzee Naftaly alikaa mbele na wakili wake, mtu mnene mwenye sauti nzuri.

Hakimu ni mama mwenye miwani ya kamba. Murunga akapanda kizimbani kidogo kidogo, akashika Biblia, akaapa. Seline akamuuliza mali yake. Akataja kitanda, nguo, mwiko, timazi na pima maji. Akaulizwa ugonjwa, akaonyesha karatasi za zahanati. Akaulizwa maziwa yalitoka wapi, akasema. Kila jibu maneno matano au sita. Mimi nilikuwa nimeuma leso ili nisimsaidie. Kisha Seline akaketi.

Wakili wa mzee akasimama, akavuta koti.

"Bwana Murunga, wewe ni Mkristo?"

"Ndiyo."

"Tarehe thelathini na moja Machi ulikuwa kanisani?"

"Nilikuwa."

"Mteja wangu alisimama mbele yenu?"

"Alisimama."

"Na wewe, kwa hiari yako, ukampa mkono wa msamaha?"

"Ndiyo."

"Ulimsamehe kwa moyo wote, au ulikuwa unaigiza?"

"Kwa moyo wote."

Wakili akamgeukia hakimu akitabasamu. Akasema, Mheshimiwa, jambo hili lilimalizwa na wenyewe kwa desturi yao, mbele ya mashahidi zaidi ya mia moja. Mwombaji amekiri kwa kiapo. Hana madai yoyote. Ombi litupwe. Akakaa.

Hakimu aliandika. Tulisikia kalamu yake. Halafu akavua miwani.

"Bwana wakili, unasema walimsamehe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wote."

"Walimsamehe nini?"

Wakili akainama kwa mzee, wakanong'onezana. Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Wakili akasema ni mambo ya kiroho, Mheshimiwa, ya ujumla.

"Umeyaleta wewe," hakimu akasema. "Bwana Murunga, uko chini ya kiapo. Ulimsamehe nini?"

Murunga aliangalia benchi la nyuma, akawaangalia mmoja mmoja. Kisha akamwangalia Mzee Naftaly, na nataka niandike hili sawasawa, hakumwangalia kwa hasira.

"Mheshimiwa, kwetu aliloungama mtu halitolewi nje. Mke wangu ameniuliza wiki saba, sijamwambia. Wakili wangu nilimkatalia. Lakini mzee mwenyewe amelitoa, amelileta hapa, na mimi nimeshika Biblia. Mzee alisema hivi. Alisema mwezi wa kwanza ng'ombe wake watatu walitupa mimba. Daktari wa mifugo akamwambia ni ugonjwa unaoingia kwa watu, asiuze maziwa mpaka wote wapimwe damu. Akasema alihofia wateja watazoea kwingine. Kwa hiyo akauza. Akalia, na sisi tukalia. Hilo ndilo nililomsamehe."

Mimi nilikuwa nimeacha kuuma leso, imedondoka sijui wapi.

Wakili mnene akaruka juu. "Kama ulimsamehe hilo, unatafuta nini hapa?"

"Nilimsamehe ili nisimchukie," Murunga akasema. "Kiuno hakikuwa kwenye msamaha. Kiuno kinataka dawa. Na maziwa bado yanauzwa."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na hakuna hata neno moja nililomwazima.

Hakimu alirudisha miwani. Akasema msamaha wa kanisani ni kitu kizuri na yeye mwenyewe anausali kila siku, lakini haukuandikwa popote kwamba unafuta madai, na hakuna aliyelipwa wala kukubali kulipwa. Tena, anayesema amesamehewa kosa hawezi papo hapo kusema kosa halikuwapo. Ombi limekubaliwa. Kesi ifunguliwe bila ada. Daktari wa mifugo aitwe siku ya kusikilizwa. Karani akaisoma namba na nikaiandika kiganjani kwa sababu sikuwa na karatasi, mimi ambaye ninaishi kwa karatasi.

Kwenye korido watu wa kanisa walitusonga. Yule dada wa nyumba ya kwanza kujitoa alimshika Seline kiwiko. "Wakili, na sisi tuliosamehe, tunaweza kuingia?" Seline akamwambia mlango uko wazi, waje ofisini Alhamisi na karatasi za hospitali. Wakaanza kuulizana nani bado anazo. Filister alikuwa anacheka na kulia, akimwambia Oloo kwa Kijaluo maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Mzee Naftaly akatoka mwisho. Wakili wake alikuwa ametangulia bila kumngoja. Watu wakampisha, na akaja moja kwa moja hadi kwa Murunga.

"Umenitoa nje, Murunga."

"Hapana, mzee. Umejitoa. Mimi nilikuwa nimekusamehe, na bado nimekusamehe." Akanyoosha mkono. Mzee akaushika, wakakaa hivyo kidogo. "Ila kuanzia leo maziwa yamwagwe," Murunga akasema. "Na Ng'ang'a aitwe apimwe. Anaumwa."

"Nitamwita," mzee akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Akanyoosha mkono wake mbele ya kanisa zima, palepale kwenye korido ya korti. Ni mkono ambao umeniletea blanketi, na umeniuzia ugonjwa nikaupakua kwenye bakuli la mume wangu. Wote walikuwa wananiangalia, hata Murunga, na yeye hakunifanyia ishara yoyote. Aliniachia nijibu mwenyewe.

"Wangu nitakupa, mzee," nikamwambia. "Nitakupa siku hukumu itakaposomwa, iangukie upande wako au wangu. Safari hii sitatoka kabla ya mwisho."